Hasi moja nayo ni kweli: nilivyoingiza Lua ndani ya Kamailio

Mwaka 2019 nilirithishwa faili. Nasema nilirithishwa manake jamaa aliyeliandika alikuwa ameshahama kazi, na kwenye makabidhiano aliniambia neno moja tu, "kaka, usiguse pale katikati." Lilikuwa faili la kamailio.cfg, mistari 2,400 na ushee, na pale katikati palikuwa na msitu wa if ndani ya if ndani ya if ambao ukiufuata na kidole kwenye skrini kidole kinachoka kabla hujafika mwisho.

Kwa wasioijua, Kamailio ni programu ya seva ya kuelekeza simu za intaneti, ila haibebi sauti. Watu wakisikia seva ya simu wanadhani maongezi yanapita humo. Hapana bana. Ni kama mpiga debe wa stendi, anakuuliza unaenda wapi, anakushika mkono, anakupeleka mpaka mlango wa basi, basi likiondoka ye anarudi kutafuta mwingine. Kazi yake ni ishara za SIP tu, ile lugha ya kupangia simu, ule ujumbe wa INVITE (nataka kupiga), REGISTER (nisajili), BYE (nakata) na wenzake, maandishi matupu yanayosomeka kama barua pepe ya zamani. Sauti inapita njia yake nyingine. Ndo maana mashine moja ya kawaida kabisa inaweza kuhudumia simu nyingi kuliko unavyodhani, na ndo maana ukiharibu humo umeharibu kila kitu, manake mpiga debe akichanganyikiwa basi la Moshi linajaa abiria wa Mtwara.

Ni programu ya siku nyingi. Ilianzia Berlin kwenye taasisi ya Fraunhofer FOKUS mwaka 2001 ikiitwa SER, 2005 wakatoka wengine wakaanzisha OpenSER, 2008 jina likabadilika likawa Kamailio. Na muda wote huo ilikuwa na lugha yake yenyewe ya kuandikia njia za simu, lugha fupifupi inayofanana na C kwa mbali, nzuri tu kama mahitaji yako ni madogo. Sisi mahitaji yetu hayakuwa madogo. Ofisi yetu iko Sinza, tunauza laini za simu za intaneti kwa mahoteli, mashule, saccos, vituo vya huduma kwa wateja, na kila mteja ana mambo yake, huyu hataki simu za nje usiku, yule anataka namba yake ionekane hivi, mwingine ana matawi matatu na anataka yapigiane bure. Yote hayo yalikuwa mle katikati.

Toleo la 5.0 lililotoka 2017 lilileta kitu kinaitwa KEMI. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba zile njia unaweza kuziandika kwa lugha ya kawaida, siku hizi kuna Lua, Python, JavaScript na nyinginezo, seva inaipachika ndani yake na kila ujumbe ukiingia inaita funksheni yako ya ksr_request_route. Moduli na vigezo vyake bado vinabaki kwenye lile faili la zamani, porti za kusikiliza pia, kinachohama ni akili tu. Nikasema hili ndo jibu langu. Nikaomba miezi miwili, bosi akanipa mmoja.

Nilichagua Lua japo Python ndo niliyokuwa naijua. Sababu haikuwa kasi, msidanganywe, kwenye seva kama yetu kinachochelewesha ni databesi kila siku, sio lugha. Sababu ilikuwa kwamba kwenye lugha ya zamani ya Kamailio ukisema exit popote ulipo, kazi ya ujumbe ule imeisha hapohapo, na kwenye Lua kuna KSR.x.exit() inayofanya vilevile (KSR ndo jina la kuitia funksheni za Kamailio), wakati kwenye mfano wao wa Python niliona wanarudisha -255 halafu kila aliyeita anaikagua na yeye anarudi. Nikaona huo ni usumbufu. Nitarudi kwenye hii exit, manake ilinichoma.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Kusafisha namba, kitu ambacho kwenye faili la zamani kilichukua mistari mia na kitu ya regeksi (fomula za kutafutia maandishi) za kutisha, kwenye Lua kikawa jedwali moja na lupu fupi. Na namba za kwetu zinahitaji jedwali kwelikweli. Mtu anapiga 07 na namba zake, mwingine anaanza na 255, mwingine na jumlisha, simu ya mezani inaanza 022, halafu kupiga nje ya nchi hapa kwetu ni 000 sio 00 kama Ulaya, halafu kuna zile fupi za Afrika Mashariki, 005 Kenya na 006 Uganda, ambazo wazee wa mahoteli wanazitumia mpaka leo. Faili la zamani lilikuwa na sheria inayosema ikianza na 00 ni ya nje, kata mbili peleka. Kwa hiyo mtu wa mapokezi akipiga 005 kwenda Nairobi simu ilikuwa inatafuta nchi yenye kodi ya 5, inazunguka inakufa, na mapokezi wakajifunza wenyewe kutumia simu zao za mkononi. Hakuna aliyelalamika miaka yote hiyo. Hilo nililiona nikacheka, nikarekebisha, nikajiona fundi. (Nikisema kodi humu ni kodi za namba na za programu, TRA wapite tu.)

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba hatari ya kuandika programu iko ndani ya lugha, unaijua lugha au huijui. Kumbe lugha mbili zikikaa nyumba moja hazigombani sebuleni, zinagombana mlangoni. Kila kilichonichoma mwaka ule kilikuwa pale mlangoni, thamani ilipokuwa inatoka kwenye C ya Kamailio kuingia Lua au inarudi.

Cha kwanza kilikuwa kidogo. Mtoa huduma wetu mmoja wa nje anataka kila namba itanguliwe na tarakimu nne za kututambua, kwa hiyo namba ya Tanzania yenye tarakimu 12 ikifika kwake ina 16. Mimi nilikuwa nimeigeuza kutoka maandishi kuwa namba ya hesabu kwa tonumber ili nilinganishe iko kwenye kundi gani, halafu kwa uvivu nikaitumia ileile kuandika anwani ya kupiga. Kwenye laptopu yangu ilifanya kazi vizuri kabisa. Kwenye seva nikafungua logi, yaani kumbukumbu zake, nikakuta tunapiga sip:4.4712557123457e+15, yaani Lua imeiandika namba ya simu kisayansi, na yule wa nje anajibu 404, hakuna kitu kama hicho, na kwa kweli namwelewa. Laptopu ilikuwa na Lua 5.3 ambayo inazo namba kamili, seva ilikuwa na 5.1 ambayo kila namba ni ya desimali na ikizidi tarakimu 14 inafupishwa ikiandikwa. Tangu hapo namba ya simu kwangu ni maandishi, sio namba. Huijumlishi wala kuizidisha, na ile sifuri ya mbele ina kazi yake.

Cha pili ndo kilichonipa jina la stori hii.

Seva ina orodha ya anwani za IP tunazoziamini, watoa huduma wenzetu na mashine za wateja wakubwa. Simu ikitoka kwenye IP iliyo kwenye orodha, inapita bila kuulizwa nywila. Ikitoka kwingine, inapigwa 407, jitambulishe kwanza. Kwenye lugha ya zamani ilikuwa imeandikwa hivi, kwa ufupi, if (allow_source_address("1")) rudi, umepita. Mimi nikaihamisha kama ilivyo:

if not KSR.is_method_in("R") and KSR.permissions.allow_source_address(1) then return 1 end

Isome tena. Mimi niliisoma mara ishirini sikuona kitu. Kwenye lugha ya Kamailio, funksheni ikirudisha namba chanya ni kweli, ikirudisha hasi ni uongo. Anwani isipokuwepo kwenye orodha, jibu ni -1. Lakini kwenye Lua kitu cha uongo ni viwili tu duniani, false na nil. Vingine vyote ni kweli. Sifuri ni kweli. Maandishi matupu ni kweli. Na hasi moja nayo ni kweli. Kwa hiyo mlinzi wangu alikuwa anamwangalia kila mgeni getini, anasema kwa sauti "huyu simjui," halafu anamfungulia.

Kilichokosekana ni alama moja na sifuri, >0, yaani zaidi ya sifuri. Basi.

Mtaniuliza sasa hukupima? Nilipima. Nilisajili simu ya majaribio, nikaona seva inaitandika 401 kwanza, inaomba nywila, inapokea, inasajili. Nikaridhika. Sasa tazameni ile is_method_in("R"), hiyo R ni REGISTER, yaani sharti linasema kama sio REGISTER ndo kagua orodha. Usajili haukupita kwenye ule mlango mbovu, ukapita mlango mzima, na mimi nikapima mlango mzima. Simu za kawaida za wateja nazo zilikuwa zinapita bila kuulizwa chochote, zinapita haraka kuliko zamani hata, na hakuna mteja duniani atakayepiga ofisini kulalamika kwamba mlango unafunguka vizuri mno.

Tuliingia kazini siku ya Alhamisi. Ijumaa ya wiki ya tatu, saa nane usiku, simu ikaita. Mtoa huduma wetu wa nje, kijana mpole kweli, ananiuliza kwa Kiingereza kama tuna mteja mpya anayepiga sana Cuba. Nilikuwa nusu usingizini nikamwambia labda. Akanyamaza kidogo halafu akaniambia salio lenu limeisha. Salio lile la dola huwa linatutosha wiki mbili.

Wanaojua biashara hii wanajua huo mchezo. Kuna mashine zinazunguka intaneti nzima usiku na mchana zinagonga porti 5060 ya kila IP, nyingine hazijifichi hata, zinajitambulisha friendly-scanner kwenye jina la programu. Zikikuta seva inayopitisha simu bila nywila, wenye nazo wanaanza kupiga namba za gharama kubwa ambazo wao wenyewe wana mgao kwenye mapato yake. Dakika moja inaweza kugharimu kuliko bando lako la wiki, na wao wanapiga mia kwa pamoja, tena usiku wa wikiendi mkiwa mmelala.

Nilizima tranki ya nje (njia yetu ya kwenda kwa yule mtoa huduma) kwa laptopu nikiwa kitandani, nikabaki nakodolea logi mpaka adhana ya alfajiri. Nilikuwa natafuta nywila iliyoibiwa. Nikawa nauliza akaunti gani, mteja gani kaweka nywila ya 1234, manake siku zote ndo inavyokuwa. Sikuona akaunti yoyote. Simu zimepita tu, hazina mwenyewe.

Aliyeliona ni dogo aliyekuwa kwetu fildi, mwaka wa tatu wa chuo, ambaye kazi yake kubwa mpaka siku ile ilikuwa kubana nyaya na kunipelekea laptopu kwa fundi. Jumamosi ile nilimwita aje anisaidie kuchambua logi, nikampa kazi ya kuhesabu aina za majibu kwa kila saa, mia nne na moja ngapi, mia nne na saba ngapi, kazi ya kumtuliza tu kwa kweli. Baada ya kama nusu saa akaniambia, "Kaka, samahani, hii 407 inatakiwa iwe ngapi kwa siku?" Nikamwambia nyingi, kila simu moja inaanza nayo. Akasema, "Basi mi naona sifuri." Nikamwambia umekosea grep (amri ya kutafuta maneno kwenye logi). Akanigeuzia skrini. Sifuri, tangu ile Alhamisi. Wiki tatu nzima seva haikumuuliza mtu yeyote yeye ni nani.

Tukafungua skripti tukaanza kusoma kwa sauti, yeye akiniuliza maswali ya kitoto, hii inarudisha nini, hii nayo inarudisha nini, mpaka tukafika pale. Akauliza inarudisha nini isipoipata. Nikasema hasi moja. Akauliza kwani hasi moja kwenye Lua sio kweli?

Nilitoka nje nikanunua maji.

Kurekebisha ule mstari ilichukua sekunde. Kutafuta ndugu zake ilichukua siku mbili, manake nilikuwa nimehamisha sehemu 60 na kitu kwa mtindo uleule, nyingi hazikuwa na madhara ila nne zilikuwa nayo. Na hapo tukagundua jambo lingine la kuudhi, kwamba sio funksheni zote za KSR zinarudisha namba. is_method_in inarudisha true au false za kweli, hizi nyingine zinarudisha namba. Ukiweka >0 kila mahali kwa hasira, pale penye true Lua inakataa kulinganisha, inatupa kosa na ujumbe unafia hapo. Kwa hiyo tukaandika funksheni yetu ndogo, tukaiita kweli(), inapokea chochote, kikiwa true inasema true, kikiwa namba inaangalia kama imezidi sifuri, vingine vyote uongo. Sasa kila if inayogusa KSR inaanza na kweli. Dogo ndo alichagua jina. Ukiisoma skripti yetu leo inasomeka kama mtu anabishana kijiweni, if kweli hivi, if not kweli vile.

Hela hatukurudishiwa. Bosi hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Hii ndo ile kazi niliyokupa mwezi mmoja?" Nikasema ndiyo mzee. Akasema sawa. Ningependelea kelele.

Nikawa mwoga, na uoga nao una makosa yake. Kuna siku OPTIONS (ujumbe wa kuulizia seva tu) iliingia haina jina la mtu kwenye anwani, sip: halafu jina la seva tu, na mimi nilikuwa naunganisha $rU, lile jina la kwenye anwani, na maandishi mengine. Kwenye lugha ya zamani kisichokuwepo kinageuka neno tu na maisha yanaendelea, ila kwenye Lua ni nil, na nil haiungani na kitu, kosa, ujumbe umekufa. Nikasema hapana, sitaki tena kitu kufa, nikafunga njia nzima ndani ya pcall, ambayo kwenye Lua ni kama neti ya kudakia makosa. Nikalala vizuri siku mbili. Ya tatu naona kwenye logi simu tuliyoikataa kwa 403, halafu sekunde ileile, simu hiyohiyo, tunaipeleka mbele. Tumemwambia mtu hapana na tumempeleka.

Ile exit niliyoisifia, kwa ndani inafanya kazi kwa kutupa kosa maalumu ambalo Kamailio inalitambua inajua huyu kamaliza, sio kaharibu. Neti yangu ilikuwa inalidaka. Skripti inasema toka, pcall inasema tulia nimekushika, na kazi inaendelea mstari wa chini kama hakuna kilichotokea. Sasa hivi pcall naitumia kwenye vitu vidogo tu vya kuchambua maandishi ambavyo ndani yake hakuna KSR hata moja, na hii tumeiandika juu kabisa ya faili kwa herufi kubwa.

Halafu kulikuwa na hesabu. Baada ya ule wizi tuliamua kila mteja awe na kikomo cha simu za nje kwa wakati mmoja, tuseme 5. Nikatengeneza jedwali la Lua, simu ikianza jumlisha moja, ikiisha toa moja. Jepesi. Mteja wa kwanza nikamkuta na simu 31 za nje kwa pamoja, na kwenye logi hesabu yake inasoma mbili. Mwingine ilikuwa inasoma hasi tatu, yaani kuna watu wamekata simu ambazo hazijapigwa. Ni kwamba Kamailio haifanyi kazi kama mtu mmoja, inajigawa prosesi kadhaa, sisi tuliweka 8, na kila prosesi ina Lua yake, memori yake, jedwali lake. INVITE inaweza kudakwa na wa tatu, BYE yake ikadakwa na wa saba. Wapiga debe wanane kila mmoja na daftari lake mfukoni na hakuna anayemwonyesha mwenzake. Kinachotakiwa kuonekana na wote kinakaa kwenye memori ya pamoja ya Kamailio yenyewe, ile moduli ya htable, au kama unahesabu simu zinazoendelea kuna moduli ya dialog ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo tangu zamani. Nilikuwa najenga upya kitu kilichokuwa ndani ya nyumba, tena kibovu. Nadhani lugha nzuri ndo ubaya wake huo, inakupa hamu ya kuandika.

Hamu hiyohiyo ndo ilinipeleka kwenye kosa la mwisho nitakalowasimulia. Tangu Machi 2017 hapa Tanzania mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo zile tarakimu za mwanzo haziwezi kukuhakikishia yuko kwa nani, na kwetu ukimpeleka mtandao usio wake unalipa zaidi. Kuna API, yaani huduma ya mtandaoni inayojibu programu, tunayoweza kuiuliza namba hii iko wapi. Na Lua ina maktaba ya HTTP, mistari minne, uliza, pokea, amua. Asubuhi ikawa safi. Saa nne, kituo kimoja cha huduma kwa wateja kilipochangamka, ile API ikawa nzito kidogo, inajibu kwa sekunde tatu badala ya papo hapo.

Sekunde tatu kwa binadamu sio kitu. Ila prosesi inayosubiri jibu inasubiri kwelikweli, haifanyi kingine, na tunazo nane. Simu nane zikisubiri, mlango umefungwa, hakuna hata REGISTER inayopita. Na SIP juu ya UDP (njia ya kutuma isiyohakikisha ujumbe umefika) haina subira, aliyetuma INVITE asipojibiwa ndani ya nusu sekunde anarudia, halafu baada ya sekunde moja, mbili, nne, kwa hiyo simu moja inakuwa ujumbe mitatu minne kwenye foleni, na kila nakala ikifika kwenye skripti yangu nayo inakwenda kuuliza API. Niliiangusha seva kwa mistari minne, na API nayo nikaizidishia mzigo. Na sasa sikuwa na wa kumlaumu kuhusu kweli na uongo, lugha ilifanya nilichoiambia.

Tulichofanya ni vitu viwili. Majibu ya API tunayaweka kwenye htable kwa masaa 24, manake watu hawahami mtandao kila siku, na namba nyingi zinazopigwa na wateja wetu ni zilezile. Zisizokuwepo tunaziuliza kwa moduli ya http_async_client, inayouliza halafu inaachia prosesi iendelee na mengine, jibu likirudi simu inaendelea ilipoishia. Na kabla ya kuuliza tunamtumia mpigaji 100 Trying, aache kurudia. Hii ya 100 ni ya kijinga lakini ndo ilipunguza vurugu kuliko yote.

Je nimejuta? Hapana. Kitu kimoja kimenifanya nisirudi nyuma. Faili la zamani ukibadilisha mstari lazima uristati seva, na sisi tuna wateja wanaotumia simu za kwenye browza kupitia WebSocket, ukiristati miunganisho yao yote inakatika, wanaanza kujisajili upya kwa pamoja kama watu wa mwendokasi mlango ukifunguka. Kwa Lua, naandika kamcmd app_lua.reload na hakuna anayejua nimefanya kitu. Unatakiwa kuwa umewasha hicho kigezo cha reload kwenye konfigi kwanza. Na ujue kwamba kila prosesi inabadilisha skripti pale itakapopata ujumbe unaofuata, sio zote kwa pamoja, kwa hiyo kwa muda mfupi unaweza kuwa na wapiga debe wa zamani na wapya stendi moja. Kabla ya kuriloodi napitisha luac -p, ambayo inakagua sintaksia tu bila kuendesha, sekunde moja. Iliniokoa na mabano niliyosahau zaidi ya mara moja.

Wenye faili la mistari 300 wakiniuliza kama wahame nawaambia wakae, ile lugha ya zamani inawatosha na kweli yake ni kweli.

Na tuna mwizi wetu sasa. Ni VPS (seva ya kukodi) ya bei rahisi ipo Ulaya, IP yake haiko kwenye orodha yoyote, haina akaunti, haina nywila. Dogo ndo aliitengeneza wiki ya mwisho ya fildi yake, na kwenye skripti ya majaribio kaiandika jina hilohilo, mwizi. Kila tukiriloodi, mwizi anaamka anajaribu kupiga simu: ya ndani, ya Cuba, ya 005, isiyo na jina kwenye anwani, nyingine na nywila ya 1234. Akijibiwa kingine chochote tofauti na 407 au 403 tranki ya nje inajizima yenyewe na simu yangu inaita. Imeita mara mbili tu mpaka leo. Mara ya pili ilikuwa saa tisa mchana, nipo kwa kinyozi nusu kichwa, na aliyekuwa ameriloodi ni huyohuyo dogo, siku hizi ameajiriwa, alikuwa ameandika if mpya ya KSR akasahau kuweka kweli mbele yake. Nikampigia. Kabla sijasema kitu akasema, "Kaka najua, najua, maliza kunyoa."